Nani asimulie kifo cha Vumbi? Mjadala juu ya msimulizi katika riwaya ya vijana

Mwandishi wa mswada, Katuba, Lubumbashi

Ndugu wasomaji, naleta kwenu swali lililonikwamisha kwa miezi minne, na naomba mlijadili bila kunionea haya. Nimeandika riwaya kwa vijana wa miaka 14 hadi 18. Inahusu mvulana aliyehamia Lubumbashi kutoka Kolwezi, ambako baba yake alikuwa mchimbaji wa mikono. Siku ya kwanza alifika darasani na viatu vyenye udongo mwekundu, na kabla ya saa ya mapumziko alikuwa amekwisha kupachikwa jina la Vumbi. Kila alipotaka kuketi, mwenzake mmoja alitoa kitambaa mfukoni akapangusa banki taratibu, kama mtu anayemwandalia mgeni mheshimiwa, na darasa zima likacheka. Mzaha huo ulihamia kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na huko ukamfuata hata usiku na siku za mapumziko. Kabla ya mwaka wa masomo kwisha, Vumbi alijiua.

Katika mswada wa kwanza, msimulizi ni Vumbi mwenyewe, anayesema akiwa amekwisha kufa. Wasomaji wangu watatu wa kwanza walilia, nami niliyachukua machozi yao kuwa ushahidi kwamba nimefaulu. Kisha binti wa jirani, mwenye miaka 15, alinirudishia makaratasi akaniambia: «Sasa wote wamemjua. Sasa wanamheshimu.» Alilisema kama jambo jema lililompata Vumbi. Tangu siku hiyo siutazami mswada ule kwa macho yale yale.

Msimamo wangu wa sasa ni kwamba marehemu asisimulie. Asimulie mmoja wa waliocheka: si kiongozi wa uonevu wala rafiki wa pekee aliyempenda Vumbi, bali mwanafunzi wa kawaida wa banki ya nyuma, aliyecheka kwa sababu wengine walicheka. Nasema hivyo nikijua ninachokisema, kwa kuwa nilipokuwa na umri wao niliketi katika darasa la namna hiyo. Yule tuliyemcheka yuko hai leo, namshukuru Mungu, lakini kicheko changu nakikumbuka kuliko somo lolote la mwaka ule.

Mwalimu wa fasihi, Bukavu

Mama mwandishi, nakuheshimu kwa kuufungua mswada wako mbele ya watu, lakini katika hili sikubaliani nawe. Mvulana huyu alinyang'anywa jina lake akapewa jingine, na neno lake halikusikilizwa na yeyote darasani. Sasa unataka kumwondolea hata kitabu chake, umkabidhi mmoja wa wale waliomnyamazisha. Je, huko si kumnyamazisha mara ya pili?

Isitoshe, fasihi yetu ya Kiswahili imekwisha kulipitia swali hili. Euphrase Kezilahabi aliiandika «Rosa Mistika» mwaka 1971 kwa nafsi ya tatu, na Rosa anapokufa kwa mkono wake mwenyewe hadithi haikomi kaburini: Rosa na baba yake, Zakaria, wanasimamishwa mbele ya Mungu, na binti anapata mahali pa kumjibu baba ambaye duniani hakuwa akijibiwa. Miaka mitatu baadaye, katika «Kichwamaji», mwandishi huyo huyo alimpa Kazimoto nafsi ya kwanza, naye pia anaishia kujiua. Wasomaji wa Kiswahili hawakushindwa kubeba sauti hizo. Kwa nini tuwadhanie vijana wa Lubumbashi kuwa dhaifu kuliko wao?

Muuguzi anayehudumia vijana, Goma

Ndugu mwalimu, mifano yako ni mizuri, ila mmoja wao unakupinga. Katika kesi ile ya mbinguni, Rosa hakai juu ya wengine akiwasambazia hukumu. Naye ni mshtakiwa, na baba yake anambishia. Msimulizi aliyekufa wa mama mwandishi hana wa kumbishia, kwa sababu kila neno analosema linasomwa na watu wanaolia. Hapo ndipo penye hatari. Kijana mwenye maumivu anafundishwa kwamba kifo ni kipaza sauti, na kwamba baada ya kufa atakuwepo kuona nani anajuta. Hatakuwepo, na hilo ndilo jambo ambalo sauti ya marehemu inalificha kila ukurasa, hata kama mwandishi hakukusudia.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1774 mwandishi Mjerumani, Goethe, alichapisha riwaya ya barua za kijana Werther, anayeishia kujiua, na hofu kwamba wasomaji wangemwiga ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka uliofuata mji wa Leipzig ulipiga marufuku kuuza kitabu hicho. Jina la Werther limebaki hadi leo katika elimu ya afya kuwa jina la kuigana kwa namna hiyo. Lakini wachache hukumbuka kwamba hata Goethe hakumwachia Werther asimulie mwisho wake: barua zinakatika, na anaingia mhariri anayeeleza yaliyobaki kwa sauti tulivu.

Karibu na siku zetu, mwaka 2007 ilitoka riwaya ya Kimarekani, «Thirteen Reasons Why», ambamo msichana aliyekufa anazungumza kupitia kaseti na kumtajia kila mmoja kosa lake. Ilipofanywa filamu ya mfululizo mwaka 2017, zikazuka lawama nyingi kutoka kwa wahudumu wa afya ya akili. Watafiti waliochunguza takwimu za vifo vya vijana baada ya hapo hawakuafikiana, nami sitaki kudai zaidi ya yaliyothibitishwa. Ila waliotoa filamu hiyo wenyewe waliikata sehemu inayoonyesha kifo chake mwezi Julai 2019.

Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya 720,000 vya kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Mwongozo wake kwa waandishi wa habari unawaomba wasieleze njia iliyotumika, wasikipambe kifo, na wasikifanye kuwa tunda la sababu moja. Hilo la mwisho linamhusu sana msimulizi, kwa sababu marehemu anayesimulia huwa na orodha ya wakosefu, na orodha inafanana mno na maelezo kamili. Mimi nimeketi na vijana waliofika mlangoni pa kifo wakarudi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na orodha. Walikuwa na uchovu, na fikra iliyokuwa imefinyika hadi wasione mlango mwingine.

Nakuomba pia, mama, umtafutie nafasi mtu mmoja aliyetaka kujiua akaishi. Utafiti uliofanywa Austria na kutolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba habari za watu waliowahi kufikiria kujiua kisha wakavuka zilifuatwa na upungufu wa vifo hivyo.

Baba wa watoto wanne, Kampemba, Lubumbashi

Mimi si mtu wa vitabu, nitasema kifupi. Huyo aliyecheka atasimulia kurasa 200. Atajuta vizuri, na maneno yake yatakuwa matamu. Msomaji atamhurumia yeye, na mtoto wa mchimbaji atabaki kuwa kisa kilichompata mwingine. Nilikuwa mchimbaji mimi mwenyewe. Nisingependa mwanangu awe somo la kumfanya mtoto wa mtu mwingine awe mwema.

Mwandishi wa mswada

Papa, neno lako limenichoma kuliko yote, kwa hiyo naanza nalo. Ni kweli kwamba majuto ya msimulizi yanaweza kukila kitabu. Nimeona kinga moja tu: asisamehewe na mtu yeyote ndani ya riwaya, wala asilie mbele ya mama wa Vumbi. Tena asijue. Kila anapotaka kueleza kwa nini Vumbi alikufa, akutane na kitu asichokijua, kwa mfano kwamba Vumbi alikuwa hodari wa kutengeneza redio, au kwamba Jumapili alikuwa akiimba sauti ya besi kanisani. Mvulana aliyekaa naye darasani mwaka mzima anayajua hayo kwenye kilio tu, kutoka kwa shangazi asiyemfahamu.

Na hapo kwenye kilio ndipo ninapomjibu ndugu mwalimu. Kwetu hapa marehemu hasemi kilioni, ila huitwa. Waluba wana kasala, na anayeiimba humwita marehemu kwa majina yake na ya ukoo wake, akimtaja alivyokuwa alipokuwa hai. Kwa hiyo sitamnyamazisha Vumbi. Nitampa sauti akiwa hai: sura sita za mwanzo zitakuwa na maneno yake darasani, majibu yake, hata hasira yake, na jina alilopewa na wazazi wake litatajwa. Nitakachomnyima ni sauti ya baada ya kifo tu. Wala kifo chenyewe hakitaelezwa kilivyotokea.

Kuna jambo jingine lililonishawishi ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ni lugha. Marehemu wangu alizungumza Kiswahili sanifu kisafi, kana kwamba kufa kulimpeleka shule. Nilipomhamishia usimulizi kijana wa banki ya nyuma, ghafla alitaka kusema kama tunavyosema Katuba. Nilimwandikia «sisi sote tulicheka», akakataa. Alisema: «Shiye bote tulicheka.» Sitaandika kitabu chote hivyo, maana nataka kisomwe Bukavu na Dar es Salaam pia, lakini sentensi hiyo itabaki ilivyo. Ndani ya «shiye bote» hakuna pa kujificha, hata kwangu mimi niliyeiandika.

Ombi la mama muuguzi nimelikubali. Msichana mmoja wa darasa hilo atamwambia mama yake mdogo usiku mmoja fikra alizo nazo, na mama mdogo hatamhubiria. Ataketi naye hadi asubuhi, kisha watakwenda pamoja kituo cha afya. Sura hiyo bado sijaiweza, kwa kuwa kila ninapoiandika mama mdogo anaongea mno.

Ukurasa wa kwanza nimekwisha kuuandika upya. Ni Jumatatu, wanafunzi wako katika shati jeupe na suruali ya buluu, na mwalimu anaita majina. Anafika namba 23, kalamu yake inasimama, kisha anaita namba 24. Anayeitika «prezenti» ndiye msimulizi wangu, na kitambaa bado kimo mfukoni mwake. Ndugu mwalimu, nitakutumia sura tatu za mwanzo kabla ya Ijumaa. Nisomee ukiwa upande wa Vumbi.