Wakuu wa Nakuru, hii biashara ya kufuata gari ya mtu kazini kwake uioshe hapo hapo inaweza lipa?

Msee_wa_Lanet

Habari zenu wakuu. Niko Nakuru upande wa Lanet. Nimekuwa dereva wa bosi mmoja miaka minne, sasa amehamia Nairobi na mimi nimebaki na leseni na akiba ya 85,000, hiyo ndio yote niko nayo. Sasa venye nilikuwa nikimgojea pakingi kila siku nilikuwa naona kitu moja, watu wanashuka na gari imejaa vumbi mpaka namba haisomeki vizuri, wanaingia ofisi saa mbili wanatoka saa kumi na moja, halafu Jumamosi ndio wanaenda kupanga laini karwash masaa mawili wakiwa na watoto wanalia njaa ndani ya gari. Na bosi mwenyewe alikuwa ananituma, peleka gari sevisi, weka upepo, angalia bima inaisha lini. Nikajiuliza, kama yeye alikuwa analipa mshahara mzima kwa hiyo kazi, si kuna watu wengi hawawezi kuajiri dereva lakini wanaweza kutoa kidogo kidogo?

Kwa hivyo nimefikiria vitu tatu. Kuosha gari pale ilipopakiwa, kuchukua gari niipeleke kwa fundi na kuirudisha kabla mwenyewe atoke kazi, na mtu akikwama barabarani nimpelekee petroli ama nimjampie betri. Shemeji yangu ako na Probox anaweza nikodishia, nimeona nitoe viti vya nyuma niweke tangi ya lita 1000 na mashine ya presha. Niambieni ukweli, nianze na gani na hiyo pesa inatosha? Watu wa Kisumu nasikia nyinyi mko mbele kwa hii kitu.

Jabali_Kondele

Ndugu hiyo tangi itoe kwa akili leo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo 1000 ni tani nzima, na Probox ilitengenezwa kubeba kilo 400 hivi na hapo hujahesabu mashine, jenereta na wewe mwenyewe na tumbo lako. Najua utaniambia kuna Probox zinabeba mizigo mpaka nyuma inaburura lami, sawa, lakini gunia linakaa mahali umeliweka, maji yanatembea. Ukipiga breki kwa bampsi yote yanakuja mbele kukusalimia. Mimi nilianza na tuktuk ya mizigo na mitungi ya lita 20, kumi na tano hivi, na zilinitosha gari nne tano kwa siku kwa sababu sikuwa namwaga ovyo.

Hapa kwetu Kisumu mambo ilikuwa tofauti kidogo. Zamani watu walikuwa wanaosha gari ziwani kabisa, unaingiza gurudumu za mbele kwa maji pale Lwang'ni, kijana anarusha maji na karai na wewe umekaa unavunja samaki. Lakini ile mafuta na sabuni yote inaingia ziwani na ni hayo hayo maji yanasafishwa tunakunywa mjini, kwa hivyo NEMA, wale wa mazingira, wakisumbua hapo siwalaumu. Mimi nilipata wateja kwa sababu hiyo.

Wacha nikuambie kosa langu usirudie. Nilikuwa na ndoo moja na kitambaa kimoja. Niliosha rimu kisha na kitambaa hicho hicho nikapanda boneti, gari nyeusi ya mama mmoja wa Milimani. Gari ikiwa na maji ilikuwa inang'aa mpaka nikajipiga picha nayo. Ikakauka, jua likapiga, boneti yote ikaonekana miviringo kama utando wa buibui. Nililipa polishi 6,000 na huo mwezi nilikula kwa dada yangu. Siku hizi ni ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza kitambaa, na vitambaa vya magurudumu viko kando na rangi yao. Jioni nikiinamisha ile ndoo ya kusuuza nakuta mchanga umelala chini kama uji uliosahaulika. Huo wote ungekuwa kwa bodi ya mtu.

Na usioshe gari saa saba na jua kali, sabuni inakauka juu ya rangi kabla hujaifikia. Tafuta kivuli ama uanze asubuhi.

MamaWawili58

Mimi si mfanyabiashara, mimi ndio huyo mteja unasema. Naishi Section 58, nafanya shifti, gari yangu huoshwa mvua ikinyesha. Kwa hivyo nisikize vizuri.

Funguo sikupi. Si ati wewe ni mbaya, sikujui tu. Mwaka juzi nilimpa kijana mmoja gari aipeleke kuoshwa mita mia tano kutoka kazini. Ilirudi safi sana, hata ilikuwa inanukia. Lakini petroli ilikuwa nusu ikawa robo, kiti kimesukumwa nyuma mpaka miguu yangu haifiki pedali, na redio yangu ambayo hukaa stesheni ya nyimbo za kanisa, nilipowasha asubuhi ilinipigia gengetoni na sauti iko juu. Hakuna kitu aliiba. Lakini nilijua gari ilikuwa na raundi zake, na sikumuita tena.

Ukija pakingi ya kazini nikiangalia dirishani, ukaosha nje, nikateremka dakika kumi nikufungulie upanguse ndani, ukaangalia upepo na maji ya waipa, nitakupa 500 na sitalia. Karwash natoa 250 lakini napoteza Jumamosi.

Kitu ingine, maji utatoa wapi? Maji yetu ya Nakuru yamepaka meno ya watoto rangi ya chai, sasa kwa kioo cha gari si itakuwa maneno?

Fundi_Njoro_Road

Mama hapo juu, meno ni floraidi, ile madoa meupe kwa kioo ni madini mengine yanabaki maji ya kisima yakikauka yenyewe. Dawa ni moja, usiache gari ikauke na upepo, panguza na kitambaa kikavu mara moja. Na maji ya mvua ni mazuri kuliko yote kwa kusuuza mwisho, kama una tangi nyumbani yatumie hayo.

Kijana, kuna wale watakuambia ununue dawa ya kupuliza uoshe bila maji. Kwa gari ya mji labda. Lakini vumbi ya huku kwetu imetoka volkano, ni kama kioo iliyosagwa, ukiisugua kavu unapiga msasa. Imwagie maji kwanza iondoke yenyewe, ndio uguse.

Kujampu betri ni pesa ya haraka lakini ijue. Nyekundu kwa chanya ya betri iliyokufa, halafu chanya ya nzima, nyeusi kwa hasi ya nzima, na ile ya mwisho usiiweke kwa betri iliyokufa, ishikishe kwa chuma ya injini ya hiyo gari iliyokufa, mbali na betri kwa sababu cheche ikikutana na gesi ya betri utaiona. Ukibadilisha chanya na hasi kwa gari ya siku hizi unachoma kompyuta yake na hiyo 85 yako yote haitoshi kuinunua. Nimeletewa mbili za hivo mwaka huu. Na gari za haibridi usiguse mpaka mtu akufundishe.

Mambo ya kupeleka gari sevisi, mimi kama fundi naipenda kwa sababu wateja wengi hawana wakati, mtu ananiambia aliweka oili kilomita elfu tano zilizopita nikiangalia stika ni elfu kumi na moja. Lakini kuna madalali wanakuja hapa wananiambia niandike filta ni 1,500 na mimi nimeuza 700. Hao nafukuza. Ukifanya hiyo kazi mrudishie mwenye gari risiti na ile filta ya zamani ikiwa imefungwa kwa gazeti, aione imejaa tope. Hapo hata usiposema kitu atakuita tena.

Bima_Ni_Bima

Nauza bima, kwa hivyo nitaharibu sherehe kidogo.

Kuosha gari imesimama, shida yako kubwa ni mkwaruzo. Siku unaingia kwa usukani ya gari ya mtu kwa malipo, hiyo ni maneno ingine kabisa. Someni cheti zenu. Bima nyingi za gari ya kibinafsi zinamruhusu dereva yeyote mwenye leseni aliyepewa ruhusa na mwenyewe, watu wanasoma hapo wanafunga. Wateremke chini kidogo, huwa kuna laini inasema gari isitumike kwa kazi ya biashara ya magari. Sasa wewe umepiga mtu hapo mzunguko wa kuingia mjini na gari ya mteja anayekulipa kuiendesha, kampuni ya bima itauliza wewe ni nani, na jibu lako linaweza kumfanya mwenye gari aachwe peke yake. Kuna bima ya wafanyabiashara wa magari, ya magereji na watu kama hao wanaoendesha gari za wateja, hiyo ndio ya kuulizia kabla hujashika funguo hata moja. Na hata ukiwa nayo kuna ile pesa ya kwanza mwenye bima hutoa mfukoni kabla kampuni haijalipa, na dereva akiwa kijana ama leseni yake bado changa inaongezeka. Kubalianeni kwa maandishi nani anaitoa.

Petroli kwa mtungi wa plastiki nyuma ya Probox sitaki hata kuisikia. Kuuza na kusafirisha mafuta ni lazima leseni ya EPRA, wale wa serikali wanaosimamia mafuta na umeme, na hapo sijataja moto. Mtu akiishiwa mchukue na boda mpaka petroli stesheni.

Jabali_Kondele

Kweli. Na nimesahau, omba ruhusa ya pakingi kabla ya kufika na ndoo. Mimi siku ya kwanza nilioshea gari jengo moja hapa, maji yakateremka mpaka mlango wa duka la chini, mwenye duka akatoka na ufagio, soja akatoka na rungu, nikatoka na gari iko na sabuni nusu. Mteja aliendesha kwenda nyumbani ikiwa hivo, upande mmoja mweupe. Siku hizi nalipa msimamizi kitu kidogo kila mwezi na naweka gunia zilizokunjwa kuzuia maji yasitembee. Leseni ya kaunti pia chukua, kanjo hawana simile.

Msee_wa_Lanet

Asanteni sana, kichwa kimefunguka. Nimekaa usiku na kalamu. Petroli nimetoa. Kuendesha gari za watu nimeweka kando mpaka nipate bei ya hiyo bima. Nimebaki na kuosha na upepo na kujampu, na hiyo kujampu Fundi nitakuja kwako unifundishe na nitanunua soda.

Tangi nimebadilisha, nitachukua mitungi na tuktuk ya kukodi badala ya Probox. Mashine ndogo ya presha nimeona ya mtumba, vitambaa, ndoo, pampu ya upepo na geji, leseni, nabaki na kama 20,000 ya kukaa nayo miezi ya kwanza. Hesabu yangu, gari 6 kwa siku mara 500 mara siku 26 ni 78,000 kwa mwezi kabla nitoe tuktuk na maji na sabuni. Najua 6 haitakuja mwezi wa kwanza, nikipata 2 nitashukuru.

Bima_Ni_Bima

Hiyo 6 ikikaa mwaka mzima ni 936,000. Ukifika gari 7 kwa siku umevuka milioni moja na KRA, watu wa ushuru, wanataka asilimia 3 ya mauzo, si ya faida, ya mauzo. Andika kila gari kutoka siku ya kwanza na uweke tili yake, usichanganye na simu ya nyumbani.

Fundi_Njoro_Road

Soda baridi lakini. Kuja Jumatatu kabla ya saa nne, baadaye huwa nimelala chini ya gari.

MamaWawili58

Na bosi wako wa zamani akuandikie barua na namba yake nimpigie. Miaka minne bila shida ni kitu, usiikalie.

Ijumaa niko mchana. Gari ni Fielder ya kijivu, ama ilikuwa kijivu, utaniambia ukiosha. Kuja saa tatu na ndoo mbili, soja nitakuwa nimeongea naye. Funguo nabaki nayo.