Kosta ya familia na watoto watatu, ziwa gani la kulala huku milimani kutokea Tanga?

BabaZuhura_Chumbageni
Habari zenu wana Tanga na majirani. Nina swali msinicheke. Nina Kosta ya zamani, nimeng'oa viti vya nyuma nikabakiza sita, seremala wa Ngamiani kanitengenezea vitanda viwili vya kukunja na kabati, kuna jiko la gesi la plate mbili, sola ndogo ya taa na simu, na tenki la plastiki la lita 200 nimelifunga juu kwenye keria. Mtaani wameshaipa jina Nyumba ya Kupanga. Sasa Juni watoto wanafunga shule na mama yao kasema bahari hataki kuisikia, Raskazone tunaiona kila siku, anataka mlima na ziwa, walale nje waote moto. Wa mwisho ana miaka minne. Niende wapi, Lushoto au kuna sehemu nyingine? Nina siku tano. Gari ikikwama sina hela ya breakdown nasema ukweli.

MshambaaWaSoni
Karibu kwetu kaka ila nikuambie mapema Lushoto ziwa hakuna, utakuta vijito, maporomoko ya Soni na baridi. Juni usiku watoto watalala na masweta mawili mawili na bado watakuita. Pakulala na gari papo, kule Irente kuna eneo la mahema, asubuhi ukungu ukifunguka unaiona nyika yote iko chini kama umeitandaza mkekani. Mimi ningekwambia lala kwetu usiku mmoja wa kwanza halafu endelea mbele kutafuta maji. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 za lami ila ni kona juu ya kona, upande mwingine korongo, na basi likija mbele mmoja wenu lazima asimame. Honi piga kila kona usione aibu. Na pale Soni nunua matunda ukiwa unashuka, siyo unapanda, yatapondeka yote (wangu yalifika juisi).

FundiBreki_Tanga
Baba Zuhura hilo tenki lishushe leo. Lita 200 za maji ni kilo 200, umeziweka kichwani mwa gari halafu uingie kona za Soni? Gari itakuyumbia kama mlevi. Weka madumu ya lita 20 chini katikati, jaza nusu tu maana maji yapo kila mahali njiani.

Halafu kushuka. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, namba mbili au tatu injini ivute, breki uguse uachie uguse uachie. Watu wanakanyaga moja kwa moja toka Lushoto mpaka Mombo, breki zinachemka, mafuta ya breki yakichemka pedo inaingia mpaka chini haishiki kitu. Yalinikuta mwenyewe mwaka mmoja na kigari kidogo tu, nikaanza kusikia harufu kama mtu anaunguza kandambili, nikafikiri ni shamba linachomwa. Nilisimama nikakaa nusu saa naangalia magurudumu yanafuka moshi mke wangu hanisemeshi. Kabla ya safari badilisha mafuta ya breki na uangalie pedi, usiniletee habari za "bado zinashika shika".

BintiUpare
Ziwa unalolitaka wewe ni Chala. Unaenda Segera, Korogwe, Same, Mwanga mpaka Himo, hapo unashika njia ya Holili na kabla ya boda unakata kushoto vumbi. Ni zaidi ya kilomita 300 na watoto, kwa hiyo wazo la Mshambaa la kulala njiani ni zuri.

Chala ni shimo la volkano, nusu letu nusu la Kenya, mto wa kuingia wa kuonekana hakuna, maji yanapita chini kwa chini kutoka Kilimanjaro, na kina kinazidi mita 90. Rangi inabadilika na jua, asubuhi bluu mchana kijani, wanangu walibishana mpaka wakagombana. LAKINI shemeji elewa kitu kimoja, hulali kando ya maji. Unalala juu ukingoni, maji yapo chini na njia ya kushuka ni mteremko wa mawe, mtoto wa miaka minne utambeba mgongoni kwenda na kurudi. Gari ipaki mbali na ukingo, mlango uelekee upande wa nyikani ili mtoto akiamka usiku kukojoa asitokee upande wa shimo. Upepo wa usiku nao si mchezo, hema letu lilipigapiga mpaka alfajiri kama tanga la jahazi, wewe na Kosta utatucheka.

Kuogelea mimi sikuruhusu. Mwaka 2002 binti wa Kiingereza aliuawa na mamba upande wa Kenya. Watakuambia mamba hawapo tena, sawa, watangulie wao.

Na piga simu kabla uulize maji na choo. Sehemu moja (siitaji) tuliahidiwa bomba tukakuta bomba lipo kweli, maji ndiyo hayapo, na hela wameshachukua.

MvuviPangani
Naona hakuna aliyetaja Jipe. Linapendeza kwa macho, milima ya Upare iko nyuma, ila ni ziwa la kina kifupi lenye magugu na viboko. Kiboko usiku anatoka kula majani, akirudi akakuta hema lako lipo kati yake na maji hakuulizi. Mbu nao ni wa kuhesabu kwa kilo. Na watoto wasikanyage maji ya magugu na konokono, kichocho hicho. Kwa familia hapana.

Bwawa la Nyumba ya Mungu ukipita nunua perege tu uende zako. Cha kuchekesha ni kwamba maji ya Jipe yanatoka kwa mto Ruvu yanaingia bwawa hilo la Nyumba ya Mungu, yanapita Korogwe na Hale, mwisho yanamwagika hapa kwetu Pangani. Mwambie mama watoto akikosa ziwa aje akae mlangoni kwangu maji yatamfikia.

BabaZuhura_Chumbageni
Mvuvi nimemsomea kacheka, ila bado anataka ziwa. Tumekubaliana Irente usiku mmoja, Chala miwili, mmoja wa kurudi tutalala popote tutakapochokea. Tenki nimelishusha jioni hii, kweli keria ilikuwa imeanza kupinda na mimi nilikuwa nasema ni kivuli. Fundi kesho niko kwako saa mbili na gari. Binti Upare, huo mteremko wa Chala, bi mkubwa ana goti baya, ataweza au namwachia kiti pale juu?

BintiUpare
Mwachie kiti, na darubini kama unayo. Mama yangu alikaa juu na chupa ya chai, akasema yeye ndiye aliyeliona ziwa lote, sisi tumeona mawe.