Mjadala: Mafuta ya transi yadhibitiwe kiwandani, au mlaji aachiwe lebo?

Mtoa hoja

Ndugu wasomaji, anayenunua mafuta ya kupikia kwa kipimo, kwa chupa ya maji aliyotoka nayo nyumbani, hasomi lebo, kwa sababu lebo imebaki kwenye dumu la lita 20 lililo nyuma ya muuza duka, na pengine dumu hilo limekwisha kujazwa upya mara kadhaa tangu lilipotoka kiwandani. Anayenunua siagi ya kupima naye haioni, wala haioni yule anayekula andazi na chai kituoni kabla ya kupanda daladala. Ndiyo maana kila ninaposikia kwamba dawa ya mafuta ya transi ni kuandika kiasi chake kwenye pakiti na kumwachia mlaji achague, najiuliza ni mlaji yupi anayesemwa. Msimamo wangu ni kwamba ukomo wa mafuta haya usimamiwe kiwandani na bandarini, kabla hayajafika dukani, na ninawaomba wenye maoni tofauti wanipinge kwa hoja.

Nieleze kwanza tunazungumzia kitu gani. Mafuta ya soya, pamba au alizeti huwa ya maji kwa sababu minyororo ya asidi zake, yaani vijenzi vidogo vya mafuta, imepinda, mfano wa mkono uliokunjwa kwenye kiwiko, na vitu vilivyopinda havipangiki vikashikana. Mwaka 1902 mkemia Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kuyapitishia mafuta ya namna hiyo gesi ya haidrojeni, penye joto na nikeli, yakaganda. Kazi hiyo ikifanywa hadi mwisho, hupatikana mafuta magumu kama nta ambayo karibu hayana transi kabisa. Ikikatishwa katikati, ili yapatikane mafuta laini ya kupaka na kuokea, baadhi ya minyororo hunyooka bila kujaa haidrojeni, na hiyo iliyonyooka ndiyo transi. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ilianza kuuza Crisco, iliyotengenezwa kwa mafuta ya mbegu za pamba, na kwa miaka mingi bidhaa za aina hiyo zilisifiwa kuwa nafuu, haziharibiki upesi, na hata ni salama kuliko siagi ya ng'ombe.

Sifa hiyo ya mwisho haikudumu. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Uholanzi, Ronald Mensink na Martijn Katan, walionyesha kwamba mafuta ya transi hupandisha ile lehemu mbaya, ambayo wengi wetu tunaiita kolesteroli, na wakati huohuo hushusha ile nzuri. Mafuta ya wanyama hufanya kosa la kwanza tu. Mwaka 1993 uchunguzi wa wauguzi wanawake zaidi ya 85,000 wa Marekani uliyahusisha mafuta haya na maradhi ya moyo, na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikadiria kwamba kila mtu anapoongeza asilimia 2 ya nishati ya mlo wake kutoka kwenye mafuta ya transi, uwezekano wa kupata maradhi ya mishipa ya moyo huongezeka kwa asilimia 23. Kwa mlo wa kilokalori 2,000, hiyo asilimia 2 ni kama gramu nne na nusu, yaani kijiko kimoja cha chai kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri tusifikie hata nusu ya kijiko hicho.

Denmark ilipitisha ukomo wake mwaka 2003: gramu 2 za transi ya kiwandani kwa kila gramu 100 za mafuta. Marekani ilianza na lebo mwaka 2006, nayo lebo hiyo ilikuwa na tundu, kwa kuwa bidhaa yenye chini ya nusu gramu kwa mgao mmoja iliruhusiwa kuandika sifuri. Mwenye kiwanda akipunguza mgao, sifuri inaandikika. Mlaji akila migao minne, amekula gramu yake na zaidi huku pakiti ikimwambia hajala kitu. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo iliamua kwamba mafuta yaliyoongezewa haidrojeni nusunusu hayawezi tena kuhesabiwa kuwa salama. Walichukua miaka tisa kutoka kwenye lebo hadi uamuzi huo. Sioni sababu ya sisi kuirudia safari hiyo, hasa sisi ambao mafuta yetu mengi hata hiyo lebo hayafiki nayo mezani.

Mwokaji wa Tanga

Ndugu mtoa hoja, nimekusoma kwa makini na nakubali kwamba mteja wangu hawezi kujua andazi au keki yangu imetengenezwa kwa mafuta gani. Lakini hata mimi sijui. Nanunua mafuta ya kuokea kwa katoni, na mbele yake imeandikwa kwamba ni mafuta ya mimea na kwamba hayana kolesteroli, jambo ambalo nimekuja kuelewa kwamba ni kweli kwa mafuta yote ya mimea na halinielezi chochote.

Nataka tuzungumze pia kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu mijadala ya namna hii huendeshwa na watu ambao hawajawahi kuchapa mafuta na sukari saa kumi ya alfajiri. Mafuta ya kuganda hushika hewa unapoyachapa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua keki. Mafuta ya maji hayashiki hewa kwa namna hiyo; keki hutoka nzito, na biskuti hutoa mafuta zikachafua karatasi kabla hazijafika kwa mnunuzi. Siagi halisi ingenifaa, ila nikiitumia, keki ninayoiuza kwa bei ya mtoto wa shule itakuwa keki ya harusi. Mkisema leo kwamba katoni yangu ni haramu bila kuniambia kesho nichukue ipi, mtakuwa mmenifunga mimi na kumwacha aliyeitengeneza. Na gharama ya kupima italipwa na nani? Mafuta haya hayapimwi kwa macho wala kwa ulimi. Yanahitaji maabara yenye mashine ya kromatografia, ile inayotenganisha na kupima vilivyomo ndani ya mafuta, ambayo mtaani kwetu haipo.

Msomaji wa Kigoma

Mimi naona hoja hii imeazimwa. Wamarekani walikuwa na tatizo la transi kwa sababu walikuwa na soya na pamba, mafuta ya maji waliyolazimika kuyagandisha. Sisi tunapika kwa mawese, ya kwetu na zaidi yale yanayoagizwa kutoka Malaysia na Indonesia, na mawese yana sehemu inayoganda yenyewe bila haidrojeni yoyote. Kama mafuta yetu ya kuganda ni ya mawese, sheria hii itapambana na adui ambaye huenda hayupo, huku shinikizo la damu, chumvi na sigara vikiendelea na kazi yao.

Nina wasiwasi wa pili. Wataalamu ndio waliowaambia watu waache siagi wale majarini. Mwaka 1990 McDonald's iliacha kukaangia viazi kwa mafuta yenye shahamu ya ng'ombe, kwa shinikizo la watetezi wa afya, ikahamia kwenye mafuta ya mimea yaliyoongezewa haidrojeni. Leo tunaambiwa hayo ndiyo mabaya zaidi. Mwananchi wa kawaida anayo haki ya kuuliza kesho atahamishiwa wapi.

Msomaji wa Maskati

Nachangia kidogo tu kutoka huku Omani, ambako Waswahili tupo wengi na maandazi na sambusa hazijakosekana mezani hata siku moja. Omani ni miongoni mwa nchi ambazo Shirika la Afya Duniani limezithibitisha kuwa zimeondoa mafuta haya, na Saudia ilithibitishwa mapema zaidi, mwaka 2024, pamoja na Denmark, Lithuania, Poland na Thailand. Sambusa bado ni sambusa. Aliyezoea ladha ya bibi yake wa Unguja hajalalamika kwangu.

Mkaangaji wa chipsi, Mombasa

Bwana mtoa hoja, mbona husemi lolote kuhusu karai? Mafuta yanayorudiwa siku tatu mpaka yakawa meusi si ndiyo hayo ya transi?

Mtoa hoja

Nianze na ndugu yangu wa Mombasa, kwa kuwa kosa hilo ni la wengi. Kukaangia kwa joto la kawaida huzalisha transi kidogo sana. Mafuta yaliyorudiwa hadi yakawa meusi na mazito yana madhara yake, yanayotokana na kuungua na kuoza kwa mafuta yenyewe, na yanastahili mjadala wake. Tukivichanganya vitu hivi viwili, mwenye kiwanda atamwonyesha kidole mkaangaji, na mkaangaji hana alilofanya katika hili.

Hoja ya Kigoma ndiyo nzito, na sehemu yake naikubali. Ni kweli kwamba mawese huganda bila kuongezewa haidrojeni, na ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mafuta tunayoagiza ni hayo. Lakini tatizo halipimwi kwa kukisia asili ya mafuta. Biskuti, krimu za keki na majarini zinatoka nchi nyingi, na anayechanganya mafuta hufuata bei ya siku hiyo. Na ikithibitika kwamba bidhaa zetu nyingi tayari ziko chini ya gramu 2, basi sheria haitamgharimu mwenye kiwanda mwaminifu hata senti, na itamfungia mlango anayetafuta pa kutupia mafuta yaliyokataliwa kwingine. Nchi zinapofunga milango mmoja baada ya mwingine (Afrika Kusini mwaka 2011, Umoja wa Ulaya mwaka 2021, India mwaka 2022, Nigeria kwa kanuni za 2022), mzigo usiouzika huko hutafuta bandari iliyo wazi.

Kuhusu wataalamu kugeuka, ni kweli waligeuka, na ninaona aibu kwa niaba yao. Ila aliyekuwa akionya alikuwapo tangu mwanzo: Fred Kummerow wa Chuo Kikuu cha Illinois aliandika kuhusu mafuta haya mwaka 1957, akapuuzwa kwa miongo, na mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 98, akaishtaki mamlaka ya chakula ya nchi yake ili ichukue hatua. Na swali la kuhamishiwa wapi lina jibu, ingawa si zuri kabisa. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina ileile ya shahamu, kwa hiyo hayana sifa ya kupendeza moyo, lakini hayashushi lehemu nzuri kama transi inavyofanya. Kwa chapati na mchuzi, alizeti ya Singida ni bora kuliko yote mawili.

Dada wa Tanga, mafuta ya kuokea yanaweza kutengenezwa kwa kuchanganya yale yaliyogandishwa hadi mwisho na ya maji, kisha asidi zake zikapangwa upya; yanachapika na yanashika hewa. Nawe hupaswi kulipia maabara. Wasafishaji wa mafuta na waagizaji ni wachache wanaohesabika, waokaji ni maelfu, na kwa Tanzania Bara usalama wa chakula uko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, kwa hiyo mahali pa kuchukua sampuli ni kwenye tangi la kiwanda. Huko Marekani, maeneo ya jimbo la New York yaliyopiga marufuku mafuta haya kwenye migahawa yalilinganishwa na yale ambayo hayakufanya hivyo. Baada ya miaka mitatu na zaidi, waliolazwa kwa shambulio la moyo na kiharusi walipungua kwa asilimia 6.2 zaidi pale penye marufuku. Najua ulinganisho wa namna hiyo si jaribio la maabara, ila sababu ya kuupuuza siioni.

Mwokaji wa Tanga

Kwa sampuli ya tangi nakubali. Kwa tarehe moja kwa wote sikubali. Hao hao wa New York, upande wa jiji lenyewe, waliwapa wapishi wao hadi Julai 2007 kwa mafuta ya kukaangia na kupaka, na waokaji wakapewa hadi Julai 2008, kwa sababu walijua kwamba keki haibadilishwi kwa siku moja. Naomba mwaka huo wa ziada uandikwe kwenye sheria, na ubavuni mwa katoni ziandikwe gramu za transi kwa kila 100 za mafuta, kwa tarakimu zinazosomeka. Mteja wangu lebo haimfikii, hilo umesema kweli, lakini mimi katoni naifungua kila alfajiri.