Nginx: nizime proxy_buffering au niiache? Naombeni ushauri

kijana_wa_terminal
Habari zenu wakuu. Nina mfumo wa oda za duka la spea: Django (programu yenyewe), Gunicorn inayoiendesha kwa woka wanne (kila mmoja anahudumia ombi moja kwa wakati), mbele yake Nginx inayopokea wateja. Nimeongeza ukurasa ambao keshia anaona oda zikiingia papo hapo. Nikiiita Gunicorn moja kwa moja, zinaingia moja moja, safi kabisa. Zikipitia Nginx ni kimya nusu dakika hivi, kisha zinashuka zote kwa mkupuo. Mwenzangu anasema niweke `proxy_buffering off;` kwa mfumo mzima, yaani Nginx isilimbikize majibu kwenye bafa, yaishe. Roho inasita, maana wateja wengi wako mikoani, wanaingia kwa simu na mtandao wa kusuasua. Nizime?

mzee_wa_logi
Usizime kote, mdogo wangu. Umewahi kula kwa mama ntilie? Mpishi anapakua, anaweka sahani mezani, anarudi jikoni. Bafa ndiyo hiyo meza. Ukiiondoa, mpishi atasimama ameshika sahani mpaka mteja amalize kula, na wewe una wapishi wanne tu. Mimi nilizima. Tulikuwa na ripoti ya PDF ya MB 6. Watu wachache wakaanza kuivuta kwa simu mwisho wa mwezi, ukurasa wa kuingia ukaanza kutoa 504 (Nginx imechoka kusubiri jibu). CPU iko asilimia 3, sielewi kitu! Hata nyaraka za Gunicorn zinasema ukitumia woka wa kawaida, proksi ya mbele lazima ilimbikize kwa ajili ya wateja wa polepole.

simba_wa_node
Mnatishana bure. Mimi nimezima kote, mwaka wa tatu huu, sijaona shida.

mzee_wa_logi
Jina lako limeshajibu, mkuu. Node, ile ya kuendesha JavaScript kwenye seva, haimfungi woka mmoja kwa kila mteja. Huyu kijana hana hiyo bahati.

dada_wa_seva
Zima kwenye njia hiyo moja tu:

```
location /oda/mubashara/ {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8000;
    proxy_buffering off;
}
```

Au usiguse Nginx kabisa: jibu la Django litoke na kichwa (header) `X-Accel-Buffering: no`, Nginx itatii kwa jibu hilo peke yake. Mimi napenda hii ya pili, inasafiri na msimbo wa programu. Ukihamia seva nyingine hutasahau.

Ila hiyo "nusu dakika" yako imenishtua. Angalia logi ya Gunicorn kama kuna WORKER TIMEOUT.

kijana_wa_terminal
Dada, umejuaje?! Ziko nyingi sana, nilidhani ni kelele tu.

dada_wa_seva
Muda wa kawaida wa Gunicorn ni sekunde 30. Woka anashikilia ukurasa wa keshia, haachii, muda ukiisha anauawa; muunganisho unakatika, na hapo ndipo Nginx inamwaga ilichokuwa imekusanya. Kivinjari kinaunganisha tena chenyewe, ndiyo maana hukuona kitu. Kwa hiyo hata ukizima bafa, makeshia wanne wakifungua ukurasa huo, mteja wa tano hapati huduma. Tatizo lako la kwanza ni woka, bafa inafuata. Anzisha Gunicorn ya pili kwenye poti nyingine kwa njia hiyo tu, `--worker-class gthread --threads 20` (woka mmoja anashika wateja wengi kwa nyuzi), na ile `proxy_pass` ielekeze huko.

simba_wa_node
Au aandike kwa Node 😂

mzee_wa_logi
Toka hapa.

kijana_wa_terminal
Mrejesho: nimeweka ya pili poti 8001, kichwa kinatoka Django, bafa nyingine zote sijazigusa. Nimefungua tabo sita kwa makusudi, oda zinaingia moja moja. Sasa mtandao ukitulia bila oda dakika nzima, Nginx inakata.

dada_wa_seva
Hiyo ni `proxy_read_timeout`, muda ambao Nginx inasubiri data kutoka nyuma, kwa kawaida sekunde 60. Tuma mstari wa maoni mtupu, ule unaoanza na nukta mbili (`:`), kila sekunde 20. Kivinjari kitaupuuza.