Kunguru wa Dar: Jiji litumie sumu au litege?

Mleta mada: Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka. Leo wametapakaa Dar, wanamaliza mayai na makinda ya ndege wetu. Mimi naunga mkono sumu ya DRC-1339. Inaua figo, ndege anakufa baada ya siku moja hadi tatu, mbali na chambo. Wenzake hawajui kilichomuua.

Mtegaji: Mkuu, na kuku je? Dawa hiyo inaua kuku na njiwa vilevile, na uswahilini kuku wanajitafutia wenyewe. Hapo sikubaliani kabisa.

Mtego ni kizimba cha wavu chenye mlango wa juu mfano wa ngazi. Kunguru anapenya katikati ya vipago akiwa amekunja mbawa. Akizikunjua ili aruke, hapiti. Ndani weka kunguru hai wawili wa kuwavuta wenzao, maji, kivuli na miti ya kutua. Wengi wanaharibu kwa kuwaua mchana, kundi likiwa juu linatazama. Kunguru hasahau sura: huko Seattle, Marekani, watafiti waliovaa barakoa waliwakamata kunguru mwaka 2006; miaka kadhaa baadaye barakoa ileile ilipigiwa kelele hata na kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa. Watoeni usiku.

Mwalimu wa Baiolojia: Kaka zangu, tatizo ni ule ubongo. Hesabu iliyotolewa 2016 ilionyesha kwamba ndege waimbao, jamii ya kunguru ikiwemo, kwa wastani wana nyuroni (seli za ubongo) mara mbili ya jamii ya nyani wenye ubongo wa uzito uleule. Nyuroni zao ni ndogo na zimesongamana.

Ila tishu hiyo ya ubongo ni ghali kuilisha. Kwa binadamu ni kama 2% ya uzito wa mwili, lakini inakula karibu 20% ya nishati akiwa ametulia. Kunguru wa hapa analipiwa gharama hiyo na matumbo ya samaki pale soko la Feri na majalala yaliyo wazi. Aliyeshiba ana nafasi ya kukaa juu ya waya akauchunguza mtego wenu wiki nzima. Funikeni mapipa kwanza, kisha tegeni.

Mleta mada: Dada, "kwanza" ndiyo inayonitia shaka. Akikosa taka atageukia viota. Mitego iwe imeshasimama siku mapipa yanapofunikwa.