Mdogo wangu kapewa ofa ya kukiri kosa: asaini au asisaini?

Kutoka: Dada wa Houston

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo.

Naandika kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume. Ana kadi ya kijani (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu), hajawahi kushtakiwa popote. Kaunti yetu hapa Texas imemshtaki kwa wizi, kosa dogo la daraja A, yaani daraja la juu la makosa madogo. Mwendesha mashtaka ametoa ofa: akiri, apewe kifungo cha mwaka mmoja, lakini kifungo kiahirishwe awe chini ya probesheni (uangalizi wa mahakama akiwa nje ya jela), arudi nyumbani siku hiyohiyo. Wakili aliyepewa na mahakama anasema ofa ni nzuri. Mama yuko Morogoro, kila akipiga simu anauliza mtoto wake ataachiwa lini. Sisi wa huku tunasema asaini yaishe.

Mliopitia haya mnaonaje? Na akivunja masharti atapelekwa jela ipi, maana naona hapa ziko za kila aina.

Kutoka: Mzee wa Columbus

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Mimi si wakili. Ni mkalimani wa mahakamani, nimekaa pembeni ya watu wetu wengi wakisomewa adhabu.

Asisaini kwanza. Mbele ya jaji wa kaunti ofa hiyo ni nzuri kweli. Tatizo ni jaji wa pili, wa uhamiaji, ambaye siku hiyo hayupo mahakamani wala hakuna anayemtaja.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiangalii siku ulizolala ndani, inaangalia zilizoandikwa kwenye hukumu. Tangu mabadiliko ya mwaka 1996, kifungo kilichoahirishwa huhesabiwa chote, kana kwamba umekitumikia. Na wizi wenye adhabu ya mwaka mmoja au zaidi umo katika orodha ya makosa ambayo sheria hiyo inayachukulia kuwa mazito kabisa, hata kama Texas yenyewe inaliita kosa dogo. Mwenye kadi ya kijani akishaingia humo, ile njia ya kumwomba jaji wa uhamiaji amwache kwa sababu ya miaka aliyoishi hapa na familia aliyonayo inafungwa. Uraia nao asahau. Ndiyo maana kijana ambaye hakulala selo hata usiku mmoja anaweza kupandishwa ndege, na mwenzake aliyehukumiwa miezi sita kwa wizi uleule akaitumikia yote, akabaki.

Kwa hiyo siku moja ina thamani kubwa. Kifungo cha siku 364, kiahirishwe au kisiahirishwe, hakimo kwenye orodha hiyo ya wizi. Majimbo ya Washington mwaka 2011, California mwaka 2015 na New York mwaka 2019 zilishusha kabisa ukomo wa adhabu ya kosa dogo hadi siku 364 kwa sababu hiihii. Texas daraja A linafika mwaka mzima, basi ni juu ya wakili kuiomba hiyo siku mezani. Waendesha mashtaka wengi hawabishani nayo, kwao hakuna wanachopoteza.

Mwendesha mashtaka anaweza pia kuja na ofa inayoonekana tamu zaidi: akiri, jaji asimtie hatiani, akimaliza masharti kesi ifutwe. Mahakama za Texas zinaitumia sana. Kwa Texas ni kweli hatakuwa ametiwa hatiani. Kwa uhamiaji, mtu akikiri kosa na jaji akamwekea masharti, huyo ametiwa hatiani, hata jalada likifutwa kesho yake.

Na wakili asikasirike akiulizwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, iliamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kuhusu hatari ya kufukuzwa nchini. Padilla alikuwa dereva wa lori, ameishi Marekani zaidi ya miaka 40, amelitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Akakiri.

Watu wetu wanazoea kungoja siku ya hukumu ndipo wajae mahakamani. Hapa siku hiyo mara nyingi ni ya kusoma kilichokwisha kupatanwa. Mahakama hiyohiyo ya Juu ilieleza mwaka 2012 kwamba takriban asilimia 97 ya wanaotiwa hatiani katika mahakama za serikali kuu, na asilimia 94 katika za majimbo, ni watu waliokiri wenyewe. Kazi ya familia ni sasa, kabla kalamu haijashikwa.

Nijibu moja tu: aliingia Marekani lini, na hilo kosa linadaiwa kutokea lini?

Kutoka: Dereva wa Dallas

Mzee umesema kweli, ila mimi naona tatizo ni wakili wa bure. Tuchange tumtafutie kijana wakili wa kulipwa. Mimi naanza.

Kutoka: Mama wa Minneapolis

Dada, pole. Mzee ameshika kwenye uhamiaji, mimi nikueleze hizo jela, maana mwenzangu alitumikia kifungo cha serikali kuu na mengi tuliyajua tukiwa ndani ya shida.

Jela ya kaunti iko chini ya sherifu. Ndiyo mahabusu ya wanaongoja kesi, na ndiko wanakotumikia wenye vifungo vifupi, kwa kawaida visivyozidi mwaka. Kwa daraja A mdogo wako akivunja masharti ataishia hapo. Gereza la jimbo ni la vifungo virefu. La serikali kuu ni la makosa ya sheria za nchi nzima, na humo parole (kuachiwa mapema kwa masharti) haipo kwa waliotenda makosa kuanzia tarehe 1 Novemba 1987. Tabia njema hupunguza kifungo, hadi siku 54 kwa kila mwaka wa adhabu, tena kifungo lazima kizidi mwaka. Ndiyo maana utasikia jaji wa serikali kuu anatoa mwaka mmoja na siku moja: ile siku ya ziada inamtoa mtu mapema. Kwa raia ni zawadi. Kwa asiye raia, rudi usome barua ya Mzee.

Akiwekwa ndani, simu zote zinarekodiwa isipokuwa za wakili zilizopangwa rasmi. Msizungumze kesi. Na msidhani Kiswahili ni maficho, wakalimani wapo (Mzee huyo hapo). Kabla hamjalipa dhamana, ulizeni kama ICE (idara inayokamata na kufukuza watu wa uhamiaji) wameweka ombi la kumshikilia. Texas ina sheria ya mwaka 2017 inayozilazimisha jela kuliheshimu, na mnaweza kulipa dhamana mkakuta kijana amekabidhiwa moja kwa moja.

Kwa Watanzania, polisi wakimkamata wanatakiwa kuujulisha ubalozi atake asitake, kwa sababu Tanzania iko kwenye orodha ya lazima. Wakenya wanajulishiwa wakiomba wenyewe. Ubalozi haulipi wakili wala haumtoi mtu ndani, lakini unaweza kumtembelea na kufuatilia anavyotendewa. Kama mtu ana kesi ya ukimbizi, yaani anaihofia serikali ya kwao, amwambie wakili wake mapema.

Mkifika kwenye barua za kumwombea kwa jaji, zipitie kwa wakili. Tafadhali msifanye kile tulichozoea, barua moja inanakiliwa, inazungushwa kanisani au msikitini, watu arobaini kila mmoja anasaini nakala yake. Jaji anasoma ya kwanza tu. Barua tatu za watu wanaomjua kweli zinatosha: bosi wake, jirani, wewe. Semeni atalala wapi, atafanya kazi gani, nani atamwendesha kwenda kwa afisa wa probesheni. Akishakiri, msiandike kwamba hakuiba, mnamharibia.

Kutoka: Mzee wa Columbus

Dereva, moyo wako mzuri, lakini pesa hiyo ielekeze kwingine. Haki ya kupewa wakili ilisimama kwa kesi ya Gideon katika Mahakama ya Juu mwaka 1963, na hao wa bure wengi wao wanamjua mwendesha mashtaka na jaji kuliko wa kulipwa aliyekuja kwa matangazo. Kinachowakosesha ni muda, maana majalada ni mengi. Mlipeni wakili wa uhamiaji saa moja asome hati ya mashtaka na ofa, kisha aandike ukurasa mmoja apewe wa bure. Anajua cha kuufanyia.

Kutoka: Dada wa Houston

Asanteni, nimesoma mara mbili mbili. Mzee, tuliingia pamoja kwa bahati nasibu ya viza. Kadi hizi tulizipata mara baada ya kuingia, na miaka mitano haijatimia. Kosa wanasema ni la mwaka jana.

Kutoka: Mzee wa Columbus

Basi siku 364 peke yake haitoshi, na afadhali umeuliza kabla.

Wizi huhesabiwa kuwa kosa la utovu wa maadili. Likitendeka ndani ya miaka mitano tangu mtu aruhusiwe kuingia, na likiwa kosa ambalo jaji *angeweza* kumpa mwaka mmoja au zaidi, linatosha kumfukuza. Hapo haijalishi amepewa siku ngapi, na daraja A la Texas linafika mwaka huo. Daraja B ukomo wake ni siku 180. Mwambie wakili aombe kosa lishushwe hadi daraja B, au libadilishwe liwe lisilo la wizi kabisa. Kama bidhaa inakaribia dola 750, ambapo daraja A linaanzia, thamani yake ina mjadala. Aulize ilikadiriwaje na nani.

Asisafiri nje ya nchi wakati huu, hata msiba ukitokea, kabla hajazungumza na wa uhamiaji. Uwanja wa ndege wakati wa kurudi una sheria zake.

Kutoka: Dada wa Houston

Nimempigia wakili, nikamsomea hayo ya daraja B. Alinyamaza kidogo, akaniuliza tarehe ya kuingia, akaandika. Ataomba kesi isogezwe mbele. Dereva, ule mchango bado upo? Wa uhamiaji anataka alipwe kwanza.