Naomba ushauri: njia ya shaba ya ampea 5 kuipunguza upana katikati ya bodi ya saketi, ni sawa?

Wakuu, habari za kazi. Nachora bodi ya kuchajia betri ya volti 12 kwa sola, natumia programu ya KiCad. Njia za mawimbi (zinazobeba ishara tu) nimeziweka upana wa milimita 0.25, hizo hazinisumbui. Shida ni njia kuu ya umeme.

Kwa ampea 5, shaba ya unene wa mikroni 35 na joto kupanda nyuzi 10 tu, kikokotoo kinanipa upana wa karibu milimita 2.8. Sawa. Lakini njia hiyohiyo lazima iingie kwenye ACS712 ya kupima mkondo, na ile chipu miguu yake imeachana milimita 1.27. Miguu miwili ya kuingilia ukiiunganisha, hupati hata upana wa milimita 2.

Bodi ya kwanza nilibana njia mapema mno, ikaenda nyembamba sentimita 3 nzima. Baada ya nusu saa rangi ya kijani juu yake iligeuka kahawia, na kidole hakikai. (Mke wangu ndiye aliyesikia harufu kwanza, mimi nilikuwa nashangaa mita.)

Sasa nauliza: nikianza kupunguza upana umbali wa milimita 2 au 3 tu kabla ya mguu, joto litatawanyika kwenye shaba pana? Au niachane na njia kabisa nimwage eneo zima la shaba? Na kuna anayepaka risasi ya kulehemu juu ya njia, inasaidia kweli?